Upele wa Paka wa Vanessa

Baraka, tarehe 14 Mei 2024

Kwako Yaya Fabien, kaka yangu mukubwa,

Jambo kutoka Baraka, huku kando ya ziwa. Habari ya kule Kilembwe, habari ya Merveille muke wako, habari ya mihogo na ya mvua? Mi niko muzima. Déogratias bwana yangu naye iko muzima: anaenda soko, anarudi, analala. Hatugonjwe. Hatujagombana na muntu.

Barua hii anakuletea Mama Espérance, ule mwenye kupandisha chumvi na samaki ndogo za ndagala kule kwenu na kushuka na karanga. Telefone ninayo, lakini sitaki telefone. Mara ya mwisho tuliongea kwa telefone ilikuwa ile jioni ya mwezi wa pili, na kesho yake asubuhi mutoto wangu Vanessa akafa. Tangu pale imekuwa miezi mitatu, hatujaandikiana hata neno. Leo siandike juu ya mambo ile.

Ninaandika juu ya paka. Unamukumbuka Biskwi, ule paka mwekundu Vanessa alimuomba kwa jirani, yeye paka akiwa bado ananyonya? Sasa amekomaa. Iko mugonjwa wa ngozi. Manyoya imetoka pembeni ya masikio na kwenye paji, na pale ilipotoka kumekuja ganda gumu, kama ugali iliyokauka kwa chungu. Anajikuna mpaka damu. Imeanza wiki mbili.

Jirani yetu Mama Marthe anasema ngozi ya namna ile kwa paka ya nyumba yenye kufiwa haiko bure, ni kazi ya muntu. Mi ninakuuliza wewe. We ndo munganga wa nyama, wa mbuzi na ng'ombe, katika familia yetu, ulisomea ile kazi. Ni dawa gani nimupake?

Kama hautaki kujibu, haiko mubaya. Mama Espérance atapita tena kwenu kisha siku kumi.

Mudogo wako,
Rosette


Kilembwe, tarehe 26 Mei 2024

Mdogo wangu Rosette,

Salamu zako zimefika, na chumvi imefika. Hapa tunaendelea. Merveille anakohoa kidogo lakini jembe hajaliacha. Mvua imetupa mahindi ya kutosha. Nakutakia uzima wewe na mume wako.

Kuhusu paka, nakuomba umpeleke kwa munganga wa mifugo wa hapo Baraka. Mimi sitoi tena shauri. Sanduku langu la dawa nimelifunga tangu mwezi wa pili, liko chini ya kitanda. Watu wakija na mbuzi nawaambia sijui. Siku za kwanza walidhani natania, sasa wameacha kuja.

Ulinipigia simu ukaniambia homa imeanza jana na mtoto anakunywa maji. Nikakwambia ni malaria, umpe dawa uliyonayo nyumbani, ungoje asubuhi. Ulingoja asubuhi. Mtu aliyesema neno lile hapaswi kuulizwa hata juu ya kuku.

Jambo jingine, sijui kama unalijua. Siku ya tatu ya kilio nilifika kwenu. Njia ilikuwa imekatika, nusu nilikuja kwa pikipiki, nusu kwa miguu. Nilipokaribia turubai nikasalimia, Déogratias akasimama. Akasema mbele ya watu wote: "Daktari wa mbuzi, mtoto wangu umeshamumaliza. Unatafuta nini tena hapa?" Nikarudi siku ileile. Simlaumu. Nakwambia tu usije ukafikiri sikuja.

Nisalimie jirani.

Yaya yako,
Fabien


Baraka, tarehe 9 Juni 2024

Yaya Fabien,

Amani iwe kwenu. Kikohozi ya Merveille inaendelea namna gani? Achemushe majani ya mapera anywe asubuhi. Huku mvua imeisha, vumbi imeanza. Sisi tuko vile vile.

Ninajua ulifika. Nilikuwa ndani na bamama, nilisikia sauti yako ukisalimia, kisha nikasikia ya Déo, kisha nikasikia pikipiki. Ningeweza kusimama nitoke inje. Miguu ilikuwa na nguvu ya kusimama. Sikusimama.

Munganga wa mifugo wa hapa nilimutafuta mara mbili. Mulango umefungwa, banasema amepanda kuchanja ng'ombe, haijulikane atarudi siku gani. Biskwi anazidi. Ganda imeshuka mpaka juu ya macho, jicho moja haifunguke vizuri. Imefika kwa miguu ya mbele. Ananuka. Déo anamuruka pale mulangoni kama vile muntu anaruka jiwe.

Mama Marthe ameleta chupa ya dawa ya kupe, ile bafugaji banaoshea ng'ombe. Anasema tumuzamishe ndani ya ndoo mara moja na mambo itaisha. Amesema Jumamosi, tarehe 15. Nimesema ndiyo. Sina nguvu ya kubishana, na pia sioni juu ya nini nibishane. Lakini nimekuandikia.

Tena, mikono yangu imetoka vipele vidogo vidogo, pale mukono unapokunjwa, na tumboni. Inaniwasha sana. Nilishangaa. Tangu tulipozika, hakuna kitu nilisikia kwa mwili. Siku moja nilishika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, nikaiweka chini polepole, kisha nikaona ngozi imetoka. Sasa ninajikuna kama muntu wa kawaida.

Barua hii ninamupa Nicolas wa pikipiki, yeye anafika haraka kupita Mama Espérance.

Mudogo wako,
Rosette


Kilembwe, tarehe 12 Juni 2024

Rosette mdogo wangu,

Salamu nitaziandika mwisho. Usimwoshe paka kwa dawa ile.

Nicolas nimemzuia hapa uani anywe uji wakati naandika. Anashuka leo. Ameniahidi atakuwa kwako kabla ya Jumamosi.

Dawa ya kupe imepimwa kwa ng'ombe mwenye kilo mia tatu na ngozi nene. Paka ana kilo mbili au tatu. Na tena paka hujisafisha kwa ulimi, kila kitu kilicho juu ya manyoya yake kinaishia tumboni. Nimeona paka watatu waliooshwa namna hiyo. Walitetemeka, wakatoa mapovu, na jua halikuzama wakiwa hai. Usimpake dawa ya mbwa, wala mafuta machafu ya injini, wala petroli. Na mtu akija na sindano ya wadudu ya ng'ombe, mkatalie. Ile inaweza kumponya paka, lakini kwa kipimo kidogo mno, na anayepima kwa macho anaua.

Huo ni upele. Hakuna uchawi ndani yake. Ni mdudu mdogo kuliko chembe ya unga, macho hayamwoni. Jike huchimba kwenye ngozi na kutaga mayai humo, na ngozi hujitetea kwa kutoa ganda. Huanza pembeni mwa masikio, huenda kwenye paji na shingo, kisha miguuni, kwa sababu paka hunawa uso kwa mguu na hulala amejikunja. Hautoki hewani wala kwenye chakula. Paka huupata kwa paka mwenzake: wakigusana, wakipigana, au wakilala mahali pamoja.

Vipele vyako ni mdudu huyohuyo. Anamuuma mtu lakini hawezi kukaa kwake. Paka akipona, na wewe utapona.

Nimefungua sanduku. Kopo hili analokuletea Nicolas ni pomade ya soufre, mafuta ya salfa, ile ya njano tunayopaka watoto wenye upele. Kwanza mfunge paka kwa kitenge kigumu, kichwa tu kibaki nje, la sivyo atakuchana. Lainisha ganda kwa mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu, usilibandue kwa kucha. Likishalainika lioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, mkaushe, kisha mpake pomade nyembamba, mbali na macho. Mshike hivyo muda wa kupika wali, asijilambe, halafu ufute iliyobaki. Rudia kila siku ya tano, kwa wiki sita. Mayai yaliyo ndani ya ngozi dawa hii haiyaui, kwa hiyo ukiacha baada ya mara mbili kwa sababu umeona nafuu, yataanguliwa na mtaanza upya. Vitambaa anavyolalia vichemshe. Paka wote anaokaa nao watibiwe pamoja naye.

Sasa nijibu haya. Angalia ndani ya masikio: ukiona uchafu mweusi kama kahawa iliyosagwa, huo ni mdudu wa aina nyingine, na nitakuambia dawa yake. Uniambie analala wapi, na paka gani. Na la mwisho: umeandika wiki mbili. Ganda kama ulivyolieleza haliwezi kujengwa na wiki mbili. Niambie siku za kweli, usione haya. Bila siku, munganga anapiga gizani.

Salamu kwenu nyote. Merveille amekunywa majani.

Yaya yako,
Fabien


Baraka, tarehe 20 Juni 2024

Yaya Fabien,

Salamu sana, na aksanti. Nicolas alifika Ijumaa saa nane, Mama Marthe alikuwa ameshaleta ndoo yake kwa ajili ya kesho. Nilimuonyesha barua. Hajui kusoma, nikamusomea. Aliposikia ile ya mapovu akachukua chupa yake akaenda. Amekasirika kidogo lakini itapita, maana yeye pia iko na paka, na juzi aliniuliza kama pomade itabaki.

Nilimufunga Biskwi kwa kitenge kama ulivyosema. Alinichana mara moja, kisha akatulia. Nilimushika kwa magoti, mafuta ikalowa ganda, ikatoka vipande vipande ndani ya maji. Chini yake ngozi ni nyekundu kama ya kitoto cha panya. Nimepaka mara mbili sasa. Anajikuna bado.

Ndani ya masikio ni safi. Haiko ule uchafu wa kahawa.

Unauliza analala wapi. Alikuwa analala na Vanessa, kwa miguu yake, juu ya bulangeti. Siku tulirudi makaburini nikamukuta amelala pale pale. Nilimushika kwa shingo nikamutupa inje, nikafunga mulango. Kesho yake akarudi, nikamutupa tena. Nilifanya vile wiki nzima mpaka akaacha kujaribu. Akaenda kule bamama banakaushia samaki kwa moshi, iko paka wengi ya ovyo kule, banalala pamoja kando ya majivu sababu ni joto. Wengine sasa ninaona hawana masikio, yamekatika kwa ganda. Akarudi kwangu mwezi wa tatu na doa moja ndogo kwenye sikio. Nilimuona. Sikufanya kitu.

Basi haiko wiki mbili. Ni tangu mwezi wa tatu. Sijui juu ya nini niliandika wiki mbili, yaya. Kalamu iliandika yenyewe.

Ile bulangeti sijaifua. Iko vile vile, imekunjwa. Umesema nichemushe vitambaa alivyolalia. Kama ni lazima, nitachemusha. Unijibu hii.

Mudogo wako,
Rosette


Kilembwe, tarehe 30 Juni 2024

Rosette mdogo wangu,

Tumefurahi kupata habari zako. Hapa tunavuna karanga. Merveille anawasalimu, kikohozi kimepungua.

Kuhusu blanketi: usiichemshe. Mdudu huyu hawezi kuishi mbali na mwili wa paka ila siku chache. Paka alitoka juu ya blanketi ile mwezi wa pili akiwa mzima, na hajarudi kuilalia. Hakuna kitu mule. Iache kama ilivyo.

Chemsha kitenge unachomfungia, na gunia analolalia sasa. Usimruhusu kurudi kwenye majiko ya samaki mpaka wiki sita ziishe, hata ikibidi umfunge ndani. Pomade nyingine natuma kwa Mama Espérance, ukampe jirani, maana paka wake asipotibiwa kazi yako ni bure. Wale wa kwenye majiko hatuwawezi wote, Rosette. Tunaanza na aliye mlangoni.

Juzi alikuja mzee mmoja na kondoo mwenye kwato mbovu. Nilimtazama kondoo yule nikamfanyia kazi.

Sikuulizi jambo jingine lolote.

Yaya yako,
Fabien


Baraka, tarehe 4 Agosti 2024

Yaya Fabien,

Nakusalimu kisha muda murefu. Mama Espérance amepita kwangu mara mbili, mara zote nilimuambia sina barua. Nilikuwa nayo. Nilikuwa ninaiandika na kuichana.

Biskwi anapona. Manyoya imeanza kuota kwenye paji, laini, rangi yake haifanane sana na ile ya zamani. Ncha ya sikio moja haitarudi. Wiki sita zimeisha na sikuruka hata siku moja ya tano. Mikono yangu imepona. Paka ya Mama Marthe pia.

Sasa usome pole pole.

Homa ya Vanessa ilianza Jumatatu. Mi nilikupigia telefone Alhamisi.

Jumatatu alirudi masomo na kichwa kinamuuma, nikamupa paracétamol. Siku ya pili akasema ni mubaya kidogo tu, na ilikuwa siku ya soko, nilikuwa na samaki ya kuuza, nikaenda, nikamuacha na Biskwi. Jumatano alitapika. Hakula kitu. Alhamisi nilirudi nikakuta hawezi kusimama mwenyewe. Ndo nikapanda pale kwenye rezo, pale telefone inakamata, nikakupigia. Déo alikuwa Kazimia kununua samaki tangu mwanzo wa wiki.

Uliniuliza, imeanza lini? Nikasema jana. Uliniuliza anakula? Nikasema uji kidogo. Hakukuwa na uji. Nilifikiri ukisikia siku ine, tangu Jumatatu, utaniuliza nilikuwa wapi. Toka utoto wetu ulikuwa unaniuliza nilikuwa wapi. Ni ile tu. Sikufikiri kitu kingine.

Ulinipa shauri ya mutoto mwenye homa ya siku moja. Mutoto yule haikuwa wangu.

Kisha Déo akarudi, akaniuliza nani alisema tungoje, nikasema ni wewe. Ilikuwa kweli. Na kwenye kilio nilisikia namna alikuita mbele ya batu, na bado nilinyamaza.

Uliandika kwamba bila siku munganga anapiga gizani. Nimekaa na ile neno wiki saba. Sikuombe kitu. Nilitaka tu ujue haikuwa shauri yako.

Mudogo wako,
Rosette


Kilembwe, tarehe 1 Septemba 2024

Rosette,

Barua yako nimeisoma. Nilienda shambani, nikarudi, nikaisoma tena. Nimefanya hivyo karibu mwezi mzima. Merveille aliniuliza nina nini, nikachukua jembe.

Ningesikia siku nne ningekuambia umbebe mgongoni saa ileile. Sijui kama angepona. Hilo sitalijua, na wewe hutalijua. Sitakuambia kwamba si kosa lako, kwa sababu ungejua nasema tu. Nina hasira. Baadaye hasira inaisha, nabaki nimekaa, halafu inarudi. Miezi sita niliosha mikono yangu kila siku kama mtu aliyeua.

Déogratias anajua?

Kama hajui, mwambie. Si kwa ajili yangu. Anaishi ndani ya jambo ambalo halikutokea. Mwambie kabla hujaniandikia tena.

Yaya yako,
Fabien


Baraka, tarehe 18 Septemba 2024

Yaya Fabien,

Salamu kwako na kwa Merveille. Ninaandika haraka, Nicolas anangoja.

Nilimuambia Jumapili, kisha kutoka kanisani. Alikuwa anakula. Nilimuambia yote kama nilivyokuandikia wewe, kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, sikupunguza siku. Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliniuliza kitu kimoja.

"Siku ine zote mi nilikuwa Kazimia?"

Nikasema ndiyo. Akamaliza kula. Akanawa mikono, akachukua kile kifuko chake cha safari, akatoka. Nilifikiri anaenda bandarini. Jumatatu niliuliza kule, banasema hakupanda mutumbwi wowote. Nikauliza kwa ndugu zake, hawajamuona. Leo ni siku ya tatu na Mama Marthe amelala hapa kwangu, sababu sikutaka kulala peke yangu. Nilimuambia yeye pia. Alisema atapika yeye.

Sisikii kitu, yaya. Ninaona tu mulango. Nilifikiri nikishasema nitalia. Sijalia.

Kama amepita njia ya kwenu, kama muntu amemuona njiani, kule Lulimba ao popote, uniambie hata kwa telefone. Telefone nitapokea.

Mudogo wako,
Rosette


Kilembwe, tarehe 20 Septemba 2024

Rosette mdogo wangu,

Pole kwa siku hizi. Mume wako yuko hapa, ni mzima. Nilijaribu kupiga simu, mtandao haupo tangu Jumatatu. Nicolas atakuja na barua hii leo hii, nimemwomba asisimame popote.

Alifika jana alasiri kwa miguu. Pikipiki aliyopanda iliharibika njiani, akaiacha na mwenyewe, akatembea siku kadhaa, akalala kwa watu asiowajua. Mimi nilikuwa uani nafunga mguu wa mbuzi wa watu. Nilipoinua kichwa nikamwona kasimama kwenye uzio. Merveille alitoka na mwiko mkononi, nadhani aliogopa. Nilimwambia shemeji karibu. Hakukaa. Alisema akiwa amesimama vilevile:

"Nilikuita mwuaji mbele ya batu. Bale batu siwezi kubakusanya tena. Nimekuja kwako peke yako."

Nilikuwa nimeshika mguu wa mbuzi, nikaendelea kuufunga mpaka mwisho, kwa sababu ungeachwa hivyo ungeoza. Yeye akangoja. Nilipomaliza nikamletea maji ya kunawa, tukaingia ndani, tukala.

Baadaye akaniambia jambo ambalo sikulijua, na nadhani hata wewe hulijui. Jumapili ile, kabla hajapanda mtumbwi wa Kazimia, Vanessa alimwambia anasikia baridi. Ilikuwa mchana, jua kali. Akamwambia avae sweta. Akaenda. Ameniambia mimi kwa sababu kwako bado hawezi. Amenipa ruhusa nikuandikie.

Kwa hiyo, Rosette, labda hazikuwa siku nne. Labda zilikuwa tano. Hakuna hata mmoja wetu watatu aliyekuwa na hesabu kamili.

Atashuka na Mama Espérance Jumatano. Akifika mpe maji ya kuoga na chakula, usimuulize kitu siku ya kwanza. Miguu yake ina malengelenge, nimeyasafisha. Ayafunue hewani, asiyatoboe. Mimi na Merveille tutakuja mwezi wa kumi, karanga zikishauzwa. Nitataka kuonyeshwa kaburi, maana bado sijaliona.

Sasa yuko nyuma yangu, ameketi kwenye kizingiti. Asubuhi aliniomba nimwambie simu ile, kila neno ulilosema na kila neno nililosema. Nikamwambia. Nilipofika mwisho akaniomba nirudie. Nimeshairudia mara tatu leo, neno kwa neno, na kila mara nikifika pale uliposema "jana" anafumba macho, ananiacha niendelee. Ananiita tena. Naweka kalamu chini nikamwambie.

Yaya yako,
Fabien